Sweta ya pamba iliyofika magotini: uzi upi kwa kazi ipi ya kroshia

Swali: Shikamoo mwalimu. Nilifuma sweta ya vifungo kwa kroshia, uzi wa pamba tupu, mishono mirefu. Nilipoimaliza ilinikaa vizuri, ikaishia kiunoni. Nimeifua mara mbili na kuianika kwenye kamba, na sasa imeshuka hadi karibu na magoti, mikono inafunika vidole. Miezi miwili ijayo dada yangu anajifungua na nataka kumfumia mtoto blanketi. Maelekezo niliyonayo yanataka uzi ambao siupati popote. Nichague vipi uzi mwingine nisirudie kosa lile?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwanza nikutoe wasiwasi: kutokana na ulivyoeleza, mkono wako hauna kosa. Sweta ilikukaa vizuri siku ya kwanza, maana yake ulipima sawasawa na ukahesabu mishono sawasawa. Kilichotokea ni kwamba uzi ulipewa kazi isiyo yake.

Chukua unywele mmoja wa sufu uutazame karibu na dirisha. Utaona hauko wima, una mawimbi madogo madogo ambayo kondoo mwenyewe kazaliwa nayo. Uvute unanyooka, uachie unajikunja tena. Pamba haina mawimbi hayo. Uivute, itabaki pale ulipoifikisha. Hiyo ni sababu ya kwanza ya sweta yako kushuka. Ya pili ni uzito. Kroshia inakula uzi kuliko kufuma kwa sindano mbili. Kwa eneo lile lile mara nyingi inataka kama theluthi moja zaidi, kwa sababu kila mshono umezungushiwa uzi mara kadhaa. Kwa hiyo sweta ya pamba ya kroshia ni nzito hata kabla haijalowa. Ya tatu ni mishono mirefu yenyewe: ni kama nguzo ndefu nyembamba zilizosimamishwa juu ya nyingine, zenye nafasi kati yake, na kila nguzo inapovutwa chini hurefuka kidogo. Halafu ukaianika kwenye kamba ikiwa imelowa. Sweta ya gramu 700 ikitoka kwenye beseni inaweza kufika kilo moja na zaidi, na maji yote yale yalikuwa yananing'inia kwenye mabega. Pamba ikivutwa hivyo mpaka ikauke, imekwisha kubali umbo jipya.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu wasianze na rangi. Najua rangi ndiyo inayomvuta mtu mkono akiwa mbele ya rafu ya nyuzi, hata mimi inanivuta. Lakini kabla hujagusa donge lolote, jiulize kitu hiki kitapitia mateso gani. Kitaning'inia? Kitagusa shingo au shavu? Kitafuliwa kila wiki au mara moja kwa mwaka? Kitashikishwa kitu cha moto? Kitavutwa na kutakiwa kirudi kilivyokuwa, kama ukingo wa kofia? Ukishajibu hayo, nusu ya nyuzi zilizo mbele yako zimejiondoa zenyewe.

Tukianza na pamba, kwa kuwa ndiyo iliyokuumiza: usiichukie. Pamba ina sifa moja ambayo nyuzi chache zinayo, ikilowa inakuwa imara zaidi kuliko ikiwa kavu. Inanyonya maji, inavumilia maji ya moto na pasi ya moto, haiwashi. Kwa vitambaa vya kufutia, vitambaa vya meza, mikoba, vikapu, wanasesere, nguo nyepesi za msimu wa joto, sioni kinachoishinda. Ile yenye kung'aa kama imepakwa mafuta inatokana na njia aliyoigundua Mwingereza John Mercer, akaisajili mwaka 1850: uzi unatiwa kwenye dawa kali ya magadi, nyuzinyuzi zinavimba na kuwa duara. Mng'aro wenyewe ulikuja miaka ya 1890, Horace Lowe alipoanza kuufanya uzi huku umevutwa. Pamba hiyo inaonyesha kila mshono waziwazi na inashika rangi vizuri, ila ni ngumu kidogo mkononi kuliko ile ya kawaida. Kwa kitambaa cha meza chenye maua nitaichagua hiyo. Kwa taulo ya uso, hapana.

Sufu ni kinyume chake karibu kwa kila jambo. Inavutika na kurudi, ina joto, ni nyepesi kwa ukubwa wake, na inaweza kubeba unyevu mwingi kabla hujaihisi imelowa. Kofia, soksi, glovu, sweta ya baridi, hapo sufu iko nyumbani. Hatari yake iko kwenye beseni. Unywele wa sufu una magamba madogo, na ukiutia maji ya moto na kuusugua, magamba yanang'ang'aniana na hayaachani tena. Nguo inasinyaa, inakuwa nene na ngumu kama zulia. Nina kipande kimoja nimekihifadhi kwenye kabati; kilikuwa kipana kama kiganja changu, sasa hakifiki vidole vitatu, na huwezi kuona mshono hata mmoja. Huwa nawapa wanafunzi wakishike kabla sijasema neno. Kuna sufu iliyotengenezwa ivumilie mashine ya kufulia. Magamba yake yamepunguzwa au kufunikwa. Hiyo haigandi, lakini ikilowa hulegea na kurefuka, kwa hiyo nayo haianikwi kwenye kamba.

Akriliki ni uzi wa kiwandani, na wako watu wanaoudharau. Mimi siudharau. Ni mwepesi, hauliwi na nondo, unafulika kwa mashine, rangi zake hazichuji kirahisi, na mtu anayejifunza anaweza kufuma na kufumua bila kuumia roho. Udhaifu wake ni joto. Pasi ikigusa kitambaa cha akriliki, uzi unalegea na kulala, unang'aa, na hakuna cha kuurudisha. Kwa hiyo usiwahi kufuma kishikio cha sufuria kwa akriliki: ukishika chombo cha moto, uzi unayeyuka na kugandia kwenye ngozi. Kishikio cha sufuria ni pamba au sufu, basi.

Nyingine nitazipita haraka. Kitani ni imara na kikavu, kinakwaruza mwanzoni, kinalainika kadiri kinavyofuliwa. Uzi unaoitwa wa mianzi kwa kawaida ni viskosi, yaani uzi wa kiwandani unaotokana na mmea ulioyeyushwa kwa dawa, hapa mianzi. Unaanguka vizuri mwilini na ni baridi kuushika, lakini viskosi ikilowa hupoteza nguvu zake nyingi, na ni nzito. Ukiitumia kwa sweta ndefu utarudi kwangu na swali hili hili. Alpaka, manyoya ya mnyama wa Amerika Kusini wa jamii ya ngamia, ina joto kuliko sufu nyingi lakini haina mawimbi ya kutosha ya kujirudisha, kwa hiyo hulegea. Ikichanganywa na sufu inatulia. Moheri, yaani manyoya ya mbuzi wa Angora, na nyuzi za manyoya manyoya ni nzuri machoni, ila mishono haionekani na kufumua ni taabu kubwa. Usizianze mpaka kazi uwe unaiweza bila kuitazama.

Sasa lebo, maana hapo ndipo lilipo jibu la uzi usiopatikana. Lebo nyingi zina picha ya donge dogo lenye namba kati ya 0 na 7. Namba 0 ni uzi mwembamba wa lesi, 3 na 4 ni za kati ambazo wengi tunazitumia, 7 ni mnene kama kamba. Nyuzi za pamba za lesi zina hesabu nyingine kabisa, inayokwenda kinyume: 10 ni nene, 20 nyembamba zaidi, 80 nyembamba kama uzi wa kushonea. Watu wengi wamenunua makosa hapo. Ukikuta maelekezo ya zamani yanataja idadi ya nyuzi zilizosokotwa pamoja, usiichukulie kama kipimo cha unene bila kuhakikisha, kwa sababu nyuzi nne nyembamba zikisokotwa zinaweza kuwa nyembamba kuliko nyuzi mbili nene.

Lakini namba ya unene peke yake haitoshi. Tazama mistari miwili midogo: gramu ngapi, mita ngapi. Tuseme maelekezo yako yanataka madonge 10 ya gramu 50, kila moja mita 120. Hiyo ni mita 1,200. Dukani unakuta uzi wenye namba ile ile ya unene, gramu 50, ila una mita 95. Ukinunua madonge 10 umepata mita 950, na kazi itakufia karibu na mwisho. Unahitaji 13. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii: madonge 10 ya ule wa kwanza ni gramu 500, madonge 13 ya huu wa pili ni gramu 650. Kitambaa kile kile, ukubwa ule ule, gramu 150 zaidi. Kwa mkoba si neno. Kwa sweta, hizo ni gramu 150 zinazovuta mabega yako siku nzima. Ningeona maelekezo ya sweta yako, swali la kwanza ningeuliza ni kama yalitaka sufu na wewe ukaweka pamba ya unene huo huo. Ndivyo inavyotokea mara nyingi: unene unalingana, mita kwa gramu zinakataa.

Kwa hiyo, kubadilisha uzi kunataka mambo matatu yakubaliane: unene, mita kwa gramu, na tabia ya uzi wenyewe. Kimoja kikikataa, ujue unabadilisha kitambaa chenyewe, na uamue kwa makusudi.

Kama uzi hauna lebo, uzungushe kwenye rula bila kuukaza, mizunguko ikigusana, uhesabu mingapi imeingia kwenye sentimita 2.5. Mizunguko 12 hivi ni uzi wa namba 3. 9 au 10 ni namba 4. Ikiwa 6 au 7 ni uzi mnene. Zungusha pia uzi wa donge unaloujua pembeni yake, ulinganishe kwa macho.

Sindano ya kroshia nayo ina neno lake. Lebo inapendekeza ukubwa, lakini ukubwa huo mara nyingi umeandikwa kwa mtu anayefuma kwa sindano mbili, na kwa kroshia kitambaa kikitoka kigumu, panda nusu milimita au milimita nzima. Uzi wa namba 4, kwa mfano, nauonja kwanza kwa sindano ya milimita 5.5. Nikitaka shali inayoanguka begani, napanda mpaka 6 au 6.5. Nikifuma mwanasesere nashuka hadi 3.5, kwa sababu pale nataka kitambaa kibane, pamba ya ndani isichungulie.

Dukani usitumie macho tu. Shika donge, lisugue taratibu chini ya kidevu au upande wa shingo, ulishikilie hapo kwa dakika nzima. Kiganja kimezoea kazi, hakikwambii ukweli kuhusu kuwasha. Kisha vuta ncha ya uzi kama shibiri moja, uisokote kinyume kwa vidole viwili. Kama nyuzi zinaachana mara moja na kutawanyika kama ufagio, sindano yako itakuwa inachoma katikati ya uzi kila mshono wa tatu. Kwenye kroshia hilo linasumbua kuliko kwenye sindano mbili, kwa sababu kulabu ina mdomo, na mdomo huo unadaka kila unyuzi uliolegea. Tafuta uzi uliosokotwa ukakazika, wenye mwili wa duara. Sugua pia sehemu ile ile mara ishirini kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukianza kuota manyoya hapo dukani, kwapani kwenye sweta utaota vijidonge baada ya wiki chache.

Halafu kuna kipande cha majaribio, ambacho karibu kila mtu anakiruka. Sikulaumu, lakini hiki kingeiokoa sweta yako. Fuma kipande cha sentimita 15 kwa 15, kwa mshono ule ule wa kazi. Pima sentimita 10 za katikati, si kingo, uandike mishono na mistari. Kisha kifue vile kitu chenyewe kitakavyofuliwa. Kama ni kazi ya kuning'inia, kibane kwa vibanio juu, ning'iniza vibanio vingine vitatu au vinne chini viwe uzito, kiache usiku kucha. Asubuhi pima tena. Kipande cha pamba kikitoka sentimita 15 kikafika 17, sweta ya sentimita 60 itafika 68, na hapo nguo nzima yenye uzito wake haijaongezwa. Ukishalijua hilo mapema una njia: fupisha mshono, punguza ukubwa wa sindano, tafuta pamba iliyochanganywa na akriliki, au fuma sweta fupi ukijua itashuka yenyewe.

Tuje kwa blanketi la mtoto. Mateso yake tunayajua: litatapikiwa, litakojolewa, litafuliwa mara kwa mara na mtu aliyechoka ambaye hana muda wa kusoma lebo. Kwa hiyo chochote kinachotaka kufuliwa kwa mkono na maji baridi kiondoe. Litakuwa shavuni kwa mtoto ambaye hawezi kusema linamwasha. Moheri na nyuzi za manyoya ziondoe pia, kwa sababu manyoya hunyofoka na kuingia mdomoni. Kinachobaki ni pamba laini ya kawaida, pamba iliyochanganywa na akriliki, akriliki laini ya watoto, au sufu ya mashine kama ni mahali pa baridi. Mimi ningechukua pamba na akriliki nusu kwa nusu, namba 3. Nusu ya pamba inanyonya na kupumua, nusu ya akriliki inapunguza uzito na kufanya likauke mapema. Blanketi halivaliwi, hukunjwa na kulazwa, kwa hiyo ule ubaya wa pamba wa kurefuka hapa hauna nguvu.

Mshono wake uwe wa kubana. Matundu makubwa ya lesi yanapendeza, ila vidole vya mtoto mchanga vinaingia humo na uzi unaweza kumzunguka kidole bila mtu kuona. Geuza upande wa nyuma uangalie: kama kidole chako kidogo kinapenya kirahisi, punguza sindano. Ncha za uzi zifiche kwa kurudi huku na huku mara tatu, usiache fundo tupu. Na mwambie dada yako kwa upole kwamba blanketi hili ni la kumbebea na kumfunika akiwa macho mtu akimwangalia. Mtoto chini ya mwaka mmoja hashauriwi kulazwa usingizini na blanketi lililo huru karibu na uso.

Kuhusu rangi, sasa tunaweza kuizungumza. Nunua madonge yote siku moja na hakikisha namba ya mtio wa rangi kwenye lebo, yaani namba ya fungu lililotiwa rangi pamoja, ni moja, kwa sababu nyeupe ya mtio huu na nyeupe ya mtio ule zinalingana kwenye mfuko lakini zinaachana zikishafumwa. Ukilazimika kuchanganya, badilishana madonge kila mistari miwili ili tofauti isikae mahali pamoja. Nyekundu, buluu iliyoiva na nyeusi zilowanishe na kuzibana kwenye kitambaa cheupe kabla hujaziweka karibu na rangi hafifu. Zikichuja utajua hapo. Uzi wa rangi nyingi zinazobadilika utumie kwa mshono rahisi, maana unameza kila ua unaloshona. Na usiku, kwa taa, usifume nyeusi.

Mwisho, ile sweta usiitupe wala usiikunje ukaiweka. Ifumue kuanzia mstari wa mwisho ulioufuma, uzi uuzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne kwa vipande vya uzi mwingine, uutoe. Utakuwa umejikunja kama tambi. Ulowe kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, uusuuze, uuning'inize na kitu chepesi chini mpaka ukauke, utanyooka. Kisha pima mita 10, uzipime kwenye mizani. Zikiwa gramu 5, basi kila gramu 100 ni mita 200, na sweta ya gramu 700 ni kama mita 1,400. Linganisha na mita ambazo blanketi lako linataka. Kama ile pamba ni laini shingoni na unene wake unakubaliana na maelekezo, uzi wa mtoto unao tayari.